Chungu Juu ya Figa Moja

Bi Aikande alilichora bega langu
nyuma ya risiti ya maziwa, kwa biro ya bluu,
dirishani, siku ambayo Kibo kilijifunika
na hakikutaka kuonwa na mtu Moshi nzima.
"Hili ni kombe," alisema. Nikacheka.
Miaka yote nilidhani kombe ni la washindi,
kumbe nimezaliwa na mawili mgongoni.

Akachora mtulinga, ufito mwembamba
uliolala toka kifuani hadi ncha ya bega.
Huo ndio mfupa pekee unaoufunga mkono kwenye kiwiliwili.
Mengine yote, alisema, ni nyama na imani.

"Nyonga imekaa ndani ya bakuli.
Bega limepewa kisahani,
kina chake hakizidi cha kijiko,
na juu yake kichwa cha mfupa, kikubwa, cha mviringo.
Umewahi kuona chungu kikiinjikwa juu ya figa moja?"
Sijawahi.
"Basi ndicho unachotembea nacho."

Misuli minne ndiyo inayokishika chungu hicho.
Imekikumbatia kama vidole vya mama
kichwani pa mtoto anayenyolewa:
havibani, vinatuliza.
Na kwa kuwa hakuna ukuta wa mfupa
mkono unafika utakako,
tawi la juu la mbuni, katikati ya mgongo unapowasha,
shingo ya mtu uliyemkosa siku nyingi.
Uhuru wote huo ni wa mkopo.

Mimi nilianza kulipa mwaka wa mvua kubwa,
Kiboriloni, robota la mashati ya watu wa mbali
likiteleza toka juu ya fuso.
Nikalidaka, mkono juu, kiganja nje,
nikahisi kitu. Hakikulia.
Ilikuwa kama mpangaji amehama bila kuaga.
Bega likawa pembe.
Lyakurwa akataka kunivuta, eti aliona uwanjani wakifanya;
tingo akamsukuma kando.
Wakaufunga mkono kwa khanga ya mama ntilie,
na njia nzima hadi hospitali nilisoma nusu ya maneno,
MZIGO WA MWENZIO,
yaliyobaki yamekunjwa kwapani.

Tangu hapo limezoea kutoka.
Linatoka nikivaa koti.
Linatoka nikigeuka usingizini.
Siku moja lilitoka nikianika shuka,
majirani wakaona shuka linanianika mimi.

Lakini kilichonileta kwa Bi Aikande ni mkutano.
Chama chetu cha makuli, mwenyekiti anapandisha mchango.
"Wasiokubali wanyooshe mikono."
Nilikuwa peke yangu. Nikanyoosha.
Mkono ukafika usawa wa sikio, kombe likauachia,
ukashuka kama jani la mgomba lililokatwa.
"Hakuna," akasema mwenyekiti, akaandika.
Mimi natokwa machozi,
muhtasari unasema tulikubaliana kwa kauli moja.

Bi Aikande hakucheka.
Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakifunga kitasani,
akanibana taulo kati ya kiwiko na mbavu.
"Likianguka, umekosea.
Ufungue mkono kama mlango wa chumba
alimolala mgonjwa. Mara kumi na tano. Pumzika. Tena.
Na usitafute kioo. Misuli hii hata ikinenepa
hakuna atakayekusifia."

Hii ni wiki ya tisa.
Kitasa changu cha Pasua kinalia kila alfajiri;
mke wangu anahesabu toka kitandani
na kurudia kumi na moja makusudi.
Kuna siku naona ni mchezo tu wa mpira na mlango.
Jana nilifikia chumvi, rafu ya tatu.
Nikaishusha. Nikairudisha. Nikaishusha tena,
mboga ikaungulia jikoni.

Mkutano ni Jumamosi.